Shabiki Naye Huibiwa

Katika mijadala yetu kuhusu rushwa na udanganyifu tumezoea kuuliza maswali mawili: nani ameiba, na ameiba kiasi gani? Ni maswali ya mkaguzi wa hesabu, na yana mahali pake. Lipo hata hivyo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: aliyeibiwa ni nani? Leo nitalijibu swali hilo kwa kupitia mlango ambao wasomaji wangu hawajazoea kuniona nikiupita, mlango wa michezo. Nitazungumzia riadha, mchezo nilioupenda tangu utotoni, na namna dawa za kusisimua misuli zilivyoniachia mzigo ambao sikuutafuta. Mzigo huo ni shaka.

Kwetu sisi tuliozaliwa na kukulia Mara, riadha haikuwa habari ya majirani zetu wa Kenya peke yao. Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita, upande wa ziwa, umbali mfupi kutoka Musoma. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Nyambui alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Katika michezo hiyo hiyo Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata. Vizazi vimepita, na hakuna aliyeongeza ya tatu.

Sikuwa nimezaliwa siku Nyambui alipokimbia Moscow. Mbio zile nilizirithi kutoka kwa baba yangu, aliyezisimulia kana kwamba alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja, ilhali alichokuwa nacho ni redio ya betri na masikio mazuri. Baba hakuwa mtu wa takwimu. Hakutaja dakika wala sekunde. Alichosisitiza ni kwamba mtoto wa Majita, aliyekula dagaa na ugali wa muhogo kama sisi, alisimama mstari mmoja na dunia nzima, na dunia ikashindwa kumwacha nyuma. Kisha angemaliza kwa kauli yake ambayo watoto wote wa nyumba ile tuliikariri: mbio hazina mjomba.

Wasomaji vijana huenda wasiipate uzito wake kauli hiyo mara moja. Katika nchi ambayo mtu alipata kazi kwa sababu ana mjomba wizarani, akapata shule kwa sababu ana mjomba ofisini, na akapata hata sukari ya mgawo kwa sababu ana mjomba dukani, baba alikuwa amegundua mahali pamoja ambapo mjomba hana kazi. Bastola ikilia, ukoo wako haukusaidii. Hakuna barua ya utambulisho. Aliyetangulia ametangulia, na aliyechelewa amechelewa. Kwa mtu aliyeendesha baiskeli yake ya Phoenix kutoka Bunda hadi Musoma kufuatilia faili lake, akaambiwa arudi wiki ijayo, hiyo haikuwa burudani tu. Ilikuwa ni picha ya nchi ambayo angependa kuishi ndani yake.

Nilipokuwa mtu mzima, katika miaka ya kusoma shahada ya uzamivu, nilikutana na jambo ambalo baba hakupata kulijua. Aliyeshika nafasi ya tatu nyuma ya Nyambui siku ile alikuwa Kaarlo Maaninka wa Finland, ambaye pia alipata medali ya fedha katika mita 10,000. Maaninka mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikuwa ameongezewa damu kabla ya mashindano. Wakati huo hakukuwa na kanuni iliyokataza kitendo hicho. Katazo lilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, hakuvunja chochote. Lakini hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu: mwana wa Majita, akiwa na damu aliyozaliwa nayo, alimtangulia kwa sehemu nne za kumi za sekunde mtu aliyeingia uwanjani na damu ya ziada. Natamani baba angekuwa hai nimweleze kwamba siku ile mbio zilikuwa tayari zimeanza kuwa na mjomba, na kwamba Nyambui alimshinda mjomba huyo.

Damu ndiyo kiini cha habari yote hii, na inafaa tuelewe inavyofanya kazi. Figo zetu hutengeneza homoni inayoitwa erithropoietini, maarufu kwa kifupi chake EPO. Homoni hiyo huuamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni na kuipeleka kwenye misuli. Wanasayansi walipofanikiwa kuitengeneza maabara, walikuwa wanamfikiria mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa na ambaye damu yake imepungua hata hawezi kupanda ngazi. Kwa mgonjwa huyo ni rehema. Mwanariadha mzima akijidunga, anapata chembe za ziada, oksijeni ya ziada, na uwezo wa kukimbia kwa kasi ile ile baada ya wenzake kuchoka. Gharama yake ni damu nzito ambayo moyo unalazimika kuisukuma kwa shida. Dawa iliyobuniwa kumwinua mgonjwa imegeuzwa ngazi ya mtu mwenye afya kupandia juu ya mabega ya mwenzake.

Tuje sasa kwa majirani zetu. Kutoka Musoma hadi mpaka wa Sirari ni safari ya saa chache kwa basi, na sisi wa Mara hatukuwahi kuwaona wakimbiaji wa Kenya kama wageni. Tanzania isipokuwa na mtu katika kundi la mbele, tulihamishia mioyo yetu kwa Mkenya bila kuhitaji pasipoti. Ndiyo maana orodha ninayoiandika hapa naiandika kama mtu anayesoma majina ya ndugu.

Rita Jeptoo alishinda Boston mara tatu, mwaka 2006, 2013 na 2014. Septemba 2014 sampuli yake ilikutwa na EPO. Alifungiwa miaka miwili, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifanya kuwa minne. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mjini Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata akakutwa na dawa ile ile, akafungiwa miaka minne, kisha adhabu ikaongezwa hadi minane baada ya kubainika kwamba maelezo na nyaraka alizotoa kujitetea hazikuwa za kweli. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:03:23, hakukutwa na dawa yoyote. Alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa kukosekana mara kwa mara pale wapimaji walipomtafuta, na kwa kutoa ushahidi wa uongo, ikiwemo picha ya ajali ya barabarani ambayo tarehe yake haikulingana na siku aliyoitaja.

Habari ya Asbel Kiprop ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Mwaka 2008 mjini Beijing alimaliza wa pili katika mita 1,500 nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Ramzi akakutwa na dawa, akanyang’anywa medali, na dhahabu ikahamia kwa Kiprop. Kijana huyo mrefu mwenye mwendo wa swala akawa kielelezo chetu: tazameni, mwongo hukamatwa na mkweli hupewa haki yake. Akaongeza ubingwa wa dunia mara tatu, mwaka 2011, 2013 na 2015. Kisha sampuli yake ya Novemba 2017 ikakutwa na EPO. Amekana tangu siku ya kwanza, lakini mwaka 2019 alifungiwa miaka minne. Mtu aliyewahi kupokea medali kwa sababu mwenzake alidanganya akahukumiwa kwa kosa la namna ile ile. Baada ya hapo, mahubiri yangu kuhusu mwongo kukamatwa yalikosa andiko.

Halafu akaja Ruth Chepngetich. Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024, mkesha wa Siku ya Mwalimu Nyerere, nilikuwa nyumbani Mara kwa mapumziko. Jioni ile, mjini Chicago, Chepngetich alimaliza marathoni kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza katika historia kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi ya awali, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa saa 2:11:53. Alikuwa ameikata kwa karibu dakika mbili nzima. Katika mkutano na waandishi, mwandishi mmoja wa Marekani alimuuliza waziwazi angewaambia nini watu wanaodhani kuwa muda ule ni mzuri kupita kiasi. Wakenya wengi walikasirika, na hata Watanzania tuliona kwamba mwanamke wa Kiafrika amevunjiwa heshima siku ya harusi yake.

Machi 2025 sampuli yake ilikutwa na hidroklorothiazidi. Hiyo ni dawa ya presha ambayo wazee wengi wa Musoma wanaimeza kila asubuhi. Imekatazwa michezoni kwa sababu huongeza mkojo na inaweza kutumika kuficha dalili za dawa nyingine. Kiwango kilichokutwa kilikuwa mara 190 ya kile kinachohesabiwa. Chepngetich alieleza kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani alipokuwa mgonjwa. Mwishowe alikiri kosa, na tarehe 23 Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba amefungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa ilitangulia kosa alilohukumiwa nalo. Kwa hiyo imebaki vitabuni, ikiwa halali kwa maandishi, na shabiki ameachiwa aamue mwenyewe aifanyie nini moyoni.

Hapo ndipo ninapolirudia swali langu: ni nani aliyeibiwa?

Jibu la kwanza ni rahisi: mshindani mwenzake. Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili nyuma ya Jeptoo mjini Boston mwaka 2014, kwa saa 2:19:59. Matokeo ya Jeptoo yalipofutwa, Deba akawa bingwa kwa maandishi, na muda wake ukawa rekodi ya mbio zile. Lakini utepe wa ushindi alikuwa ameukata mwingine, wimbo wa taifa ulikuwa umepigwa wa nchi nyingine, na fedha alizostahili hazikumfikia kwa miaka mingi. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, ambaye kwa Deba alikuwa shabiki tu asiyejulikana, alisoma habari zake na kumlipa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Naomba msomaji alitafakari tendo hilo. Deni halikuwa la mtu yule, wala hakuna aliyemtuma. Nadhani alilipa kwa sababu alijiona naye ni mdaiwa: alikuwa miongoni mwa mamilioni waliompigia makofi mtu asiyestahili, na makofi hayarudishwi.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Kila aliyekuja baada yao, akiwa msafi, ameibiwa kabla hata ya kuanza kukimbia. Wapenzi wa mbio za baiskeli waliligundua hilo kabla yetu. Lance Armstrong alinyang’anywa mwaka 2012 mataji yake yote saba ya mbio za kuizunguka Ufaransa, na Januari 2013 akakiri mbele ya kamera. Tangu hapo, kila aliyepanda mlima kwa kasi ameulizwa maswali ambayo Armstrong ndiye aliyestahili kuyajibu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mchezo huo kwenye vilima vya Kikuyu, alishinda mbio hizo mara nne. Mwaka 2017 alikutwa na dawa ya pumu kwa kiwango kilichozidi kile kilichoruhusiwa. Uchunguzi ukafanyika, na Julai 2018 akasafishwa rasmi. Hata hivyo wapo watazamaji waliomzomea barabarani, na hukumu ya kumsafisha haikuwafikia. Uongo wa mmoja hukopa kwa jina la wote, na wakweli ndio wanaotumiwa ankara.

Jibu la tatu linanihusu mimi. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari wa kumalizia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Saa iliwapa wote wawili muda mmoja, 2:09:48. Hiyo ni medali ya kwanza ya dhahabu kwa nchi yetu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha tangu yaanze mwaka 1983. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Kilichofuata dakika chache baadaye ndicho ninachokilalamikia: moyo wangu ulinyamaza na kuanza kuomba. Uliomba kwamba lisije likatokea tangazo. Simbu hakuwa amefanya lolote la kumtilia shaka. Hakuna tuhuma wala sampuli dhidi yake, na muda wake haukuwa wa kushangaza. Aliwahi kupata shaba mwaka 2017 mjini London, na amepanda hatua kwa hatua kama mkulima anayepanua shamba. Hofu ile hakuileta yeye. Iliwekwa ndani yangu na watu wengine, kwa miaka mingi, kidogo kidogo.

Hicho ndicho kilichoibiwa. Baba yangu aliisikiliza Moscow kwa moyo mzima. Mimi niliitazama Tokyo kwa nusu ya moyo, nusu nyingine ikiwa inalinda mlango. Sheria za michezo zina adhabu kwa aliyedanganya, na zina utaratibu wa kuhamisha medali na fedha. Hazina utaratibu wa kumrudishia mtazamaji ile nusu.

Msomaji ambaye hana habari na riadha atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma ulitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Tulihesabu mishahara waliyolipwa, tukahesabu nafasi zilizobaki wazi. Hatukumhesabu shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bunda, aliyekuwa amefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika kipindi kile alilifungua sanduku lake la bati, akatoa cheti kilichokunjika na kuliwa na mende pembeni, akapanda gari hadi mjini kukitolea nakala, akasimama kwenye foleni na vijana aliowafundisha kusoma ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Hakuna aliyemtukana. Utaratibu ulikuwa wa lazima, na ningekuwa mimi ndiye mwenye dhamana ningeuagiza vilevile. Lakini jioni ile shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini, “Baba, hivi miaka yote hii walikuwa wanafikiri nini juu yangu?” Aliyeghushi cheti chake huko asikojulikana alikuwa amemfikia shangazi kijijini kwake, akachukua kitu ambacho hakipo kwenye ripoti yoyote.

Naliona jambo hilo hilo katika kazi yangu. Ipo biashara ya kuwaandikia wanafunzi tasnifu, na kila mhadhiri nchini anaifahamu. Matokeo yake ni kwamba siku hizi mwanafunzi akileta sura nzuri, yenye hoja iliyokomaa na Kiswahili kilichonyooka, furaha ya mwalimu hutanguliwa na swali: nani ameiandika? Msichana wa Butiama aliyekesha maktaba anapokelewa kwa jicho lile lile ambalo Froome alipokelewa nalo mlimani. Ubora wenyewe umekuwa ndio ushahidi wa mashtaka. Jamii ikifika mahali ambapo kazi nzuri inatiliwa shaka zaidi kuliko kazi mbovu, imejiwekea adhabu juu ya bidii.

Najua hoja mbili ambazo nitajibiwa. Ya kwanza ni umaskini. Nitaambiwa kwamba kijana wa Iten au Kapsabet, mwenye wazazi wasio na paa la maana, anaona zawadi ya dola 150,000 ya Boston, na kwamba anayemdunga sindano mara nyingi ni mtu mwenye koti jeupe ambaye kijana huyo hana ujuzi wa kumhoji. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa, na inatutaka tuwatafute mawakala, makocha na wauza dawa kwa ukali ule ule tunaowatafuta nao wakimbiaji. Lakini haikamiliki, kwa sababu Deba naye alikuwa akikimbia kwa ajili ya mkate wake. Maskini anayedanganya mbioni humwibia, mara nyingi, maskini mwenzake.

Hoja ya pili ni kwamba wote wanafanya, kwa hiyo asiyefanya ni mjinga. Jibu la hoja hiyo lipo Butiama. Mwaka 1976 dunia ilikuwa ikimsubiri Filbert Bayi mjini Montreal. Miaka miwili kabla, mjini Christchurch, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand nyumbani kwao. Marudio yao yangekuwa mbio za karne. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, katika mwezi ule ule ambao damu ya watoto wa Soweto ilikuwa haijakauka, na Kamati ya Olimpiki ikakataa kuchukua hatua. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kususia, na zaidi ya nchi ishirini za Afrika zikakosekana. Walker alikimbia bila Bayi, akachukua dhahabu.

Sisemi kwamba uamuzi ule haukuwa na maumivu. Bayi ndiye aliyeulipia, na hakuna aliyemrudishia siku ile. Ninachosema ni kwamba iliwahi kuwepo nchi maskini kuliko ilivyo leo, iliyokuwa na dhahabu karibu kabisa na mkono wake, ikaulizwa bei ya dhahabu hiyo, ikasema bei ni kubwa mno. Aliyeiongoza alikuwa mtoto wa Butiama aliyepelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, safari isiyopungua sana umbali wa marathoni. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba uadilifu ni anasa ya mataifa yaliyoshiba. Sisi tuliuchagua tukiwa na njaa.

Tufanye nini? Kwanza, tuache kungoja kashfa. Kenya ilianzisha wakala wake wa kupambana na dawa hizi kwa sheria ya mwaka 2016, baada ya kubanwa na shirika la kimataifa, na ilipofika mwaka 2022 serikali yake ilibidi iahidi dola milioni 5 kwa mwaka kwa miaka mitano ili nchi isifungiwe. Hiyo ni gharama ya kuchelewa. Dhahabu ya Simbu italeta vijana wengi barabarani, na nyuma ya vijana watakuja wenye sindano. Elimu juu ya dawa hizi ianzie UMISSETA, kwa walimu wa michezo kabla ya wanafunzi, na maduka ya dawa yanayouza chochote kwa yeyote yafuatiliwe. Pili, kwa ndugu zangu watumishi wa umma: uhakiki uwe kazi ya kila siku inayofanyika mlangoni mtu anapoingia kazini. Ukiwa operesheni ya miaka kumi mara moja, unamfanya mwaminifu ajieleze uzeeni. Tatu, kwa wanafunzi na wanaharakati: tunapodai waliodanganya waadhibiwe, tudai pia kwamba walionyimwa haki yao watafutwe na watajwe kwa majina hadharani, wakiwa bado hai.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu Bunda. Anakimbia mita 5,000, na kila alfajiri yuko pembezoni mwa barabara kuu ya Mwanza kabla malori hayajaanza kupita. Habari za Chepngetich zilipotangazwa alinipigia simu. “Mjomba,” alisema, “kwa hiyo tunakimbia bure?”

Sikumwambia kwamba wakweli hushinda daima. Historia niliyoieleza hapa hainiruhusu. Nilimsimulia habari ya mtu wa Majita na sehemu nne za kumi za sekunde, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza kama kweli alitoka Majita hii hii. Nikamwambia ndiyo, hii hii. Nikamshauri anunue daftari, aandike muda wake kila anapojipima, ulio mzuri na ulio mbaya, bila kuongeza wala kupunguza.

Jumamosi iliyopita alinitumia ujumbe. Muda wake ulikuwa mbaya kuliko wa wiki iliyotangulia, kwa sekunde kumi na moja. Alikuwa ameuandika kama ulivyo, na mimi nimeuamini.